Gari la Marehemu Aliye Hai

Kwa uliyepitwa na wiki iliyopita, nakujulisha kwa ufupi: nilimuua baba mkwe wangu.

Sikumuua kwa kisu wala kwa sumu. Nilimuua kwa mdomo, mchana kweupe, kwenye yadi ya magari. Mzee huyo alinikabidhi pikapu yake kuukuu siku ya harusi, akasema mbele ya wageni wote, "Sikupi. Nakuazima mpaka nife." Miaka kumi ikapita na mzee hana dalili. Basi muuzaji wa yadi, bwana mmoja mwenye meno mengi niliyempa jina la Tabasamu, aliponiuliza mwenye gari yuko wapi ili abaki na lile kuukuu na mimi niondoke na jipya, niliinamisha kichwa nikasema, "Ni marehemu."

Tabasamu akanipa pole. Hakudai cheti cha kifo. Aliuliza tu kama redio inafanya kazi.

Wakati huo marehemu alikuwa amelazwa kwenye kliniki ya macho, kafungwa bandeji macho yote mawili baada ya kupasuliwa, anakula vizuri na analalamikia chumvi.

Ikabidi nitunge na mengine. Mke wangu nilimwambia baba yake ameniruhusu kwa mdomo wake mwenyewe nibadilishe gari, ila daktari amekataza mgonjwa asizungumziwe habari za magari, kwa sababu presha ya macho itapanda. Mke wangu ni binti mtiifu. Wiki tatu nzima, akipiga simu kwa baba yake, walizungumzia mvua na ndoto.

Baba mkwe naye alipoomba nimtoe akapunge upepo kidogo, nilimpandisha gari jipya nikamwambia ni lile lile, nimelipeleka kwa fundi. Alikaa kimya njia nzima, mikono juu ya magoti.

"Limeacha kukohoa," alisema tulipokuwa tunarudi.

"Fundi alikuwa mzuri, baba."

"Mzuri sana," akajibu.

Hapo ndipo tulipoishia. Msomaji mmoja amemwandikia mhariri kwamba mtu wa namna yangu anastahili viboko kumi na viwili. Namwomba asubiri asome ya leo, pengine ataona idadi hiyo haitoshi.

Siku ninayotaka kukusimulia ndiyo siku ambayo mzee angefunguliwa bandeji, saa saba mchana. Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kumchukua. Kwa hiyo ilikuwa pia siku ambayo angeliona gari lake, au asingeliona.

Unadhani sikuwa na mpango? Nilikuwa nao. Kikongwe, ndilo jina tulilolipa lile gari kuukuu, eti yuko kwa fundi rangi. Rangi ingechukua mwezi. Na ndani ya mwezi lolote laweza kumtokea mzee wa umri ule. Ndiyo, nimeandika hivyo, na nilifikiri hivyo, huku nampenda yule mzee.

Lakini siku hiyo hiyo kulikuwa na vifaranga.

Mke wangu anatotolesha vifaranga. Alianza na mashine ndogo ya mayai hamsini aliyoiweka chumbani, ikawa inalala karibu naye kuliko mimi. Mwaka huu alipata mashine kubwa, na shamba moja la kuku lililo ukuta mmoja na ile kliniki likamwagiza vifaranga mia sita. Mia sita kwa mpigo, kwa mara ya kwanza. Mwenye shamba alisema wakifika wazima atachukua kila mwezi. Wakifika hoi, asisumbuliwe tena.

Siku ishirini na moja mke wangu alilala kwa zamu na mashine. Umeme ulipokatika aliifunika kwa mablanketi yetu yote, mimi nikajifunika shuka.

"Hawa wakifika," aliniambia asubuhi ile akiwa amekumbatia boksi la mwisho, "nitaacha kufua nguo za watu."

Hakusema kwa sauti kubwa. Mikono yake imechubuliwa na sabuni miaka yote hiyo na hakuwahi kuitaja. Nilijisikia vibaya, nikamwambia, "Watafika."

Sasa lazima nikueleze tabia za Kikongwe, maana bila hizo hutaelewa upumbavu wangu ulipikwaje. Stata yake ilikufa kabla sijaoa. Baba mkwe alisema stata ni anasa. Badala ya kuitengeneza alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika ndani ya mlango wa dereva:

HALIZIMWI KWENYE TAMBARARE.
GIA YA PILI HAIPO, USIITAFUTE.
KIOO HUPANDISHWA KWA KOLEO. KOLEO LIKO CHINI YA KITI.
LIKIGOMA, SHUKA, LIZUNGUKE, ONGEA NALO.

Ndivyo tulivyoishi. Ukitaka kulizima ulitafuta mteremko, ukaliegesha linatazama chini, ili kesho yake uliachie lishuke lijiwashe lenyewe. Ukilizima kwenye tambarare umehamia hapo, mpaka wapatikane wanaume sita wa kusukuma. Nimenunua mkate injini inanguruma. Nimehudhuria mazishi injini inanguruma, na wafiwa wakanitazama wakidhani nina haraka ya kuondoka. Miaka kumi mkono wangu ulisahau kwamba gari huzimwa.

Bi Harusi, lile jipya, hana maradhi hata moja. Kiyoyozi anacho, madirisha yanashuka kwa kidole, na kwenye dashibodi kuna kioo kinachoandika Kiswahili sanifu. Hakuna ufunguo wa kuchomeka. Kuna kidude cheusi cha plastiki unatembea nacho mfukoni, gari likikinusa linakubali kuwashwa kwa kitufe. Tabasamu aliniambia, "Bosi, hili halikuangushi. Hili linakufahamu."

Kasoro yake ni moja, linalia. Ukifungua mlango linalia, ukifunga linalia, jani likianguka nyuma yake linalia. Kila likilia linaandika sentensi, na chini ya sentensi kuna neno SAWA. Wiki tatu nilikuwa nabonyeza SAWA bila kusoma, kama mtu anayemwitikia shangazi kwenye simu.

Asubuhi ile niliegesha mlangoni kwetu, kwenye tambarare, na kwa mazoea sikuzima. Nikavua koti, maana kubeba maboksi kunatoa jasho, nikalitundika kwenye msumari wa mlango wa chumba cha mashine. Tukapanga maboksi sita kiti cha nyuma, penye kiyoyozi, vifaranga wanapiga kelele za raha.

"Umechukua kila kitu?" mke wangu akauliza.

"Kila kitu."

"Usisimame popote."

"Nisimame nina nini?"

Nikafunga mlango. Bi Harusi akalia, akaandika sentensi yake. Nikabonyeza SAWA.

Wewe msomaji umeshajua mfukoni mwa koti kulikuwa na nini. Hongera. Mimi nilihitaji kilomita arobaini.

Na zilikuwa kilomita tamu. Nikaupanda ule mlima ambao Kikongwe huupanda kwa gia ya kwanza huku abiria wakimsaidia kwa kuinamia mbele. Bi Harusi aliupanda bila hata kubadilisha sauti. Nikacheka peke yangu. Nikawaonea huruma baba mkwe na wazee wote wanaoamini kwamba gari zuri ni lile linalokuchafua mikono. "Magari ya zamani hayafi," huwa ananiambia. Ni kweli hayafi. Yanaugua tu maisha yao yote, na wewe ndiye muuguzi.

Tatizo lilikuwa kelele. Kila baada ya dakika chache Bi Harusi analia, ananiandikia, nabonyeza SAWA. Mwishowe akaanza kulia mfululizo, vifaranga nao wakawa wanamjibu. Kichwa kikaniuma. Nikaegesha pembeni, mahali pasipo na mti wala kibanda, nikabonyeza kitufe nikamzima ili anyamaze.

Alinyamaza.

Nikageuka kuwatazama vifaranga, wazima wote. Nikanywa maji. Nikabonyeza kitufe kuwasha. Kimya. Nikabonyeza tena, safari hii kwa heshima. Kioo kikaandika, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze maisha pamoja nikasoma:

UFUNGUO HAUPO NDANI YA GARI.

Nikajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Kisha nikauona ule msumari na koti juu yake, waziwazi kabisa, na mimi niko kilomita arobaini kutoka hapo. 

Nikapiga simu nyumbani.

"Mke wangu, hebu tazama kwenye koti langu."

"Kuna kidude cheusi."

"Ndicho hicho."

"Sasa unaendeshaje?"

"Siendeshi."

"Gari jipya limeharibika?"

"Halijaharibika. Ni zima kabisa. Linataka hicho kidude."

"Na wanangu?" Hakuwaita vifaranga. "Kiyoyozi kinafanya kazi?"

"Hakifanyi."

Nilimsikia anahema. Nilitamani anitukane, hakunitukana.

"Natafuta pikipiki," akasema. "Saa moja, labda na robo. Fungua madirisha."

Nikabonyeza vitufe vya madirisha. Madirisha ya Bi Harusi hushuka kwa umeme, na umeme huja gari likishakutambua. Hilo sikumwambia.

Nikampigia Tabasamu. Ikapokea mashine, sauti ya mwanamke aliyefurahi sana. "Kwa kununua gari, bonyeza moja. Kwa kununua gari la pili, bonyeza mbili." Shida yangu haikupewa namba. Nikangoja kwenye muziki, wimbo ule ule mara nne, mpaka nikaanza kuujua. Baada ya hapo yule mwanamke aliniambia simu yangu ni muhimu sana kwao, akakata.

Ilipofika saa tano na nusu jua lilikuwa limekaa juu ya bati la Bi Harusi, na bati hilo ni jeusi, rangi niliyoichagua mwenyewe kwa sababu inapendeza. Nikaacha milango yote minne wazi. Upepo haukuwepo. Nikavua shati nikalitandaza juu ya maboksi, nikawa nawapepea vifaranga kwa kitabu cha maelekezo ya gari. Kina kurasa mia nne. Mpaka leo hayo ndiyo matumizi pekee niliyokipatia.

Vifaranga wakisikia joto hulia kwa nguvu. Joto likizidi huacha kulia na kubaki midomo wazi. Boksi la tatu liliacha kulia.

Nikafungua kifuniko. Mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Nikamweka kwenye kiganja, na nikiri sikuhisi uzito wowote. Nikakumbuka yale mablanketi. Nikakumbuka "nitaacha kufua nguo za watu." Nikalia, nasema wazi, mtu mzima bila shati kando ya barabara, amemshika kifaranga mfu na ana gari zima kabisa.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kile kikohozi nakijua. Hutangulia vitatu vifupi, kisha kirefu kimoja, kisha bati la nyuma linagonga. Kikongwe alikuwa anakuja.

Mwenye Kikongwe siku hizi ni Mama Matofali. Ana tanuri la matofali upande ule wa barabara, na alimnunua palepale yadini siku ileile niliyomwacha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili kunipa pole ya msiba. Tangu hapo nikimwona barabarani hujiinamisha chini ya usukani kana kwamba nimeangusha kitu. Basi hata siku hiyo mwili ulifanya ulichozoea, nikaruka nyuma ya Bi Harusi nikachuchumaa.

Hebu pima hali yangu. Nikimsimamisha atanipeleka shamba la kuku, na shamba la kuku liko ukuta mmoja na kliniki, na kliniki ina marehemu anayefunguliwa macho saa saba. Nisipomsimamisha siri yangu inabaki salama, pamoja na mizoga mia sita.

Ningependa kukuambia sikusita. Nilisita mpaka Kikongwe akanipita. Ndipo nikakurupuka nikamkimbilia, kifua wazi, nikipunga shati.

Akasimama mbele, injini inanguruma. Mama Matofali akatoa kichwa dirishani.

"Mfiwa," akasema. Ndilo jina alilonipa. "Unakwenda wapi bila shati?"

"Nisaidie, mama. Nina vifaranga, wananifia."

Akatazama nyuma. "Na lile jipya lina nini?"

"Halina tatizo."

"Halina tatizo, na umesimama juani."

"Halinitambui, mama."

"Hili langu halimtambui mtu yeyote," akasema. "Ndiyo maana halina maringo. Leta hayo maboksi."

Tulipakia kwa dakika tatu. Tukayapanga nyuma, tukayafunika na lile turubai la Kikongwe lenye matundu, matundu yale yale niliyokuwa nayaonea haya mbele za watu. Gari lilipoondoka upepo ukaingia humo wote. Hata hatujafika mbali nikasikia vifaranga wameanza tena kulia, na sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Nikakaa. Kiti cha abiria cha Kikongwe kina chuma kilichotokeza, kila aliyewahi kukaa pale anakijua kwa mgongo. Kikanichoma palepale.

"Wiki ya tatu hii," Mama Matofali akasema, akitoka gia ya kwanza kwenda ya tatu bila kuitafuta ya pili. "Linaharibika kila siku, lakini linaniambia mapema. Likitaka maji linapiga mluzi. Likichoka linanuka. Mie nayafuata tu maandishi ya marehemu, neno kwa neno." Akaupapasa mlango. "Aliyeandika haya alikuwa mtu mwenye akili. Alikufa kwa nini?"

"Macho," nikasema. Sijui kwa nini.

"Macho yanaua?"

"Yalimzidia."

"Maskini. Kila nikiliwasha namwombea."

Nikasema amina.

Nikamtumia mke wangu ujumbe kwamba nimepata usafiri, wanawe wanaendelea, na yeye akifika kwa Bi Harusi na kile kidude aliendeshe gari mwenyewe mpaka kliniki. Gari anajua. Ndiye aliyenifundisha kumwendesha Kikongwe. Nikaomba kimoyomoyo achelewe.

Shambani mwenye kuku aliwahesabu vifaranga boksi kwa boksi. Ni mtu asiyecheka. Walikuwa wamekufa tisa. Nilisimama pale kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Mia tano tisini na mmoja," akasema. "Wachangamfu. Mwambie mama alete wengine mwezi ujao."

Huko aliko, juu ya pikipiki au nyuma ya usukani, mke wangu alikuwa ameshaacha kufua na hakuna aliyemwambia. Nakwambia kweli, ningeruhusiwa kuisimamisha siku hiyo palepale, ningeisimamisha.

Saa ilikuwa saa saba kasoro robo. Nikamshukuru Mama Matofali, nikamwambia asipoteze muda wake, mimi nitajitegemea.

"Nageuza niende zangu," akasema.

Lakini njia ya shamba ni nyembamba, na rivasi ya Kikongwe huja inapotaka. Pa kugeuzia palikuwa mahali pamoja tu, uwanja ulio mbele ya geti la kliniki. Nikamfuata kwa miguu, nikimpungia mkono aharakishe, na yeye akadhani namsaidia kugeuza. Akakanyaga mafuta. Kikongwe akakohoa vitatu vifupi na kirefu kimoja.

Barazani kwa kliniki akainuka mzee mmoja mwenye miwani myeusi.

Bandeji walikuwa wameitoa mapema. Siku nyingine zote wale watu huchelewa.

Baba mkwe alikuja moja kwa moja, hakushikwa mkono na mtu. Alimpita muuguzi, akanipita mimi, akafika kwenye boneti akaweka viganja vyote viwili juu ya bati la moto. Hakuviondoa. Mama Matofali akamtazama, akadhani ni mgonjwa aliyechanganyikiwa, akaacha injini ingurume taratibu ili asimshtue.

"Umelirudisha," baba mkwe akaniambia.

Nikatazama barabara.

"Siku ile uliponipandisha lile jingine nilijua mara tu nilipoegemea. Chuma hakikunichoma. Na lilikuwa linalialia kama lina njaa." Alikuwa anaongea polepole, mkono mmoja bado uko kwenye boneti. "Nikanyamaza. Nikasema, huyu namngoja. Nikifunguliwa macho nikakuta gari halipo, namwita binti yangu namwambia ameolewa na mtu wa aina gani. Nikilikuta, simwambii mtu mpaka naingia kaburini. Kila mtu hupotea njia, mwanangu. Shida ni kurudi."

Akanigeukia. Sikuyaona macho yake nyuma ya miwani, nilijiona mwenyewe tu, wadogo wawili, bila shati.

"Sasa niambie kwa mdomo wako. Umelirudisha?"

Nafasi ya kusema kweli nilipewa hapo, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Naona haya kuandika, lakini ndiyo tuliyokubaliana katika safu hii, kwamba sitaficha.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Mzee akanivuta akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, jinsi ambavyo baba yangu mwenyewe hakuwahi. Juu ya bega lake nikamwona Mama Matofali kwenye usukani, dirisha liko chini, anasikia kila neno. Alikuwa ameacha kumtazama mzee kama mgonjwa. Alikuwa anamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

Nyuma yetu kitu kikalia. Ti, ti, ti.

"Sauti hiyo naijua," mzee akasema begani kwangu.

Bi Harusi alikuwa ameingia uwanjani bila mtu kumsikia. Mke wangu akashuka, kidude mkononi, akakimbia. Nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la pikipiki. Alimpita mumewe na kumshika baba yake mashavu kwa mikono yake ile iliyochubuka.

"Shikamoo, baba. Unaniona?"

"Marahaba, mwanangu. Nakuona. Umekonda."

Akacheka na machozi yanamtoka. Akanigeukia mimi kwa macho tu, kuuliza, nami nikamwambia, "Mia tano tisini na mmoja. Anataka wengine mwezi ujao." Akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa dakika moja nzima hakuna aliyekuwa na furaha kumshinda pale uwanjani, na furaha ile ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Baba, nilikuwa natamani kukushukuru tangu wiki ile, daktari ndiye aliyekataza nisikutajie magari. Najua ulivyokuwa unalipenda. Lakini ulivyomruhusu alibadilishe, ulitutoa mbali." Ndipo akamwona Kikongwe. "Na hili limetoka wapi?"

"Nilimruhusu," mzee akarudia polepole. "Lini?"

Mke wangu akaacha kucheka.

Mama Matofali akatoa kichwa dirishani. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Samahani, mzee wangu. Haya maandishi ya mlangoni aliandika nani?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi na brashi yangu. Kwa nini?"

Mama Matofali akanitazama. Mke wangu akanitazama. Baba mkwe akavua miwani, macho mekundu, mapya, yanalengwalengwa na machozi kwa mwanga, na kitu cha kwanza alichochagua kukitazama vizuri kilikuwa mimi.

Uwanja ule wa kliniki ni tambarare tupu, hauna mteremko mbele wala nyuma. Mama Matofali huyafuata maandishi ya marehemu neno kwa neno, hajawahi kuyavunja. Alinitazama kidogo tena, akapeleka mkono kwenye ufunguo, akazima injini.